Sababu ya safari: kutembea tu

Wiki hii ni zamu yangu ya kuandika. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya mashindano ya mpira na ile kesi ya goli la mwisho, lakini Jumatatu limetokea jambo moja na tangu hapo sina raha.

Binti mmoja, finalisti wa sekondari hapa kambini Gasorwe, alinikuta nimekaa nje ya kibanda chetu cha kujitolea. "Yaya, nisaidie kujaza karatasi ya kutoka." Ni kazi yangu ya kila siku, nikachukua biki. Jina, namba ya familia, unaenda wapi: Gitega. Siku ngapi: tatu. Sababu.

"Sababu gani nikuandikie?"

"Niko naenda kutembea."

"Kwa nani?"

"Hakuna mtu. Kutembea tu. Nione mji, nikule chakula chao, niingie kwenye kanisa lao kubwa, nione ngoma za Gishora."

Mkono wangu haukungoja kichwa kifikiri. Nikaandika: matibabu.

Akasoma, akaniangalia. "Yaya, lakini mimi si mgonjwa."

Aibu ikanishika. Hakuna aliyeniambia niandike uongo. Ofisi haijawahi kunikataza neno "kutembea", kwa sababu sijawahi kulijaribu. Nimejaza karatasi za watu wengi, na zote zina matibabu, msiba, harusi, mtihani, kufuata hati. Nyingine ni kweli, na nyingine, tuseme ukweli sisi kwa sisi, ni njia tu ya kupita. Mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita nilienda Gitega peke yangu siku tatu, na karatasi yangu ilisema jino.

Acha niwasimulie hiyo safari, maana nimeificha muda wote huu kama mtu aliyeiba.

Ilianzia kwenye simu. Jioni moja tulikuwa vijana saba tumeinamia simu moja, megabaiti za kuhesabu, tunaangalia video ya mwanafunzi fulani anayetembea peke yake Kyoto, kule Japani. Kijana wa kawaida, mkoba mgongoni. Anakula tambi kwenye kibanda chenye viti vichache, anaingia hekalu, anatoka, anakula tena. Anapita chini ya milango myekundu ya Fushimi Inari, maelfu ya milango imepangwa mlimani mpaka inakuwa kama handaki. Kila mlango umetolewa na mtu au duka, na jina la mtoaji limeandikwa nyuma yake. Anasema Inari ni mungu wa mpunga. Basi. Hakuna kingine kilichotokea kwenye hiyo video. Alitembea, akala, akaangalia.

Mwenzetu mmoja akauliza, "Sasa huyu ametumwa na nani?"

Tulicheka sana, lakini mimi usiku sikulala vizuri. Swali lilikuwa la kweli. Sisi hatujazoea kuona mtu anaenda mahali bila kutumwa, bila kukimbia na bila kuumwa. Mimi niliingia Burundi mgongoni kwa mama, kambi yenyewe ikiwa bado changa, maana Gasorwe ilifunguliwa 2002. Hesabu mwenyewe. Miaka zaidi ya ishirini katika nchi hii, na nilichokuwa nakijua ni kambi, soko, shule, na hospitali ya Muyinga. Naongea Kirundi kama mtoto wa hapa. Ukiniuliza Burundi ikoje, nilikuwa sina la kukujibu.

Na Kyoto ya hapa haiko mbali. Kyoto ilikuwa mji wa wafalme wa Japani kuanzia mwaka 794, zaidi ya miaka elfu, kabla mfalme hajahamia Tokyo. Gitega nayo iko katikati ya nchi ya wafalme wa zamani wa Burundi. Wajerumani walihamishia utawala wao pale 1912, na 2019 serikali ikaifanya tena mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikabaki mji wa biashara. Kutoka Muyinga ni kama kilomita mia moja. Kijana wa Kyoto alipanda ndege. Mimi nilihitaji Probox.

Niliweka pesa miezi minne. Tunapata ile motisha ndogo ya kujitolea, mnaijua, na nilikuwa nabakiza kidogo kidogo. Siku ya kuondoka nikatoka alfajiri ya Ijumaa. Mafuta ya gari yalikuwa shida nchi nzima, kwa hiyo tulingoja mpaka jua likawa kali, halafu tukapakiwa watu wanane na kuku wawili. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani askari alisoma karatasi yangu, akaniuliza, "Jino lipi?" Nikafungua mdomo nikamuonyesha la nyuma. Akachungulia kabisa! Akasema pole. Alikuwa mtu mwema, na hiyo pole imeniuma kuliko jino lolote.

Baada ya Karuzi tulivuka Ruvubu. Mzee aliyebanwa kando yangu akasema maji haya yanafika Misri. Nilidhani ananitania. Baadaye nikahakikisha: Ruvubu inaingia Kagera, Kagera inaingia Ziwa Victoria, na kutoka huko ndiyo Nili. Nimechota maji Burundi maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Gitega nilishuka saa ya swala ya Ijumaa. Niliuliza mahali pa kulala pa bei ya chini, wakanielekeza mtaa wa Yoba. Chumba chenyewe: kitanda, msumari ukutani, choo cha pamoja. Sikulalamika. Mlango ulikuwa na ufunguo na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, jambo ambalo kwenye shitingi hatulijui. Nilitoka nikafunga, nikarudi nikafungua, nikafunga tena, bila sababu.

Makumbusho ya taifa nilienda mchana huo huo. Si makubwa, usitegemee majumba. Kuna vikapu, vyungu, mikuki, vitu vya nyumba ya mfalme na picha za zamani. Yalianzishwa 1955. Wapenzi wa Kyoto, mwaka huo huo wa 1955 ndipo Wajapani walimaliza kujenga upya Kinkaku-ji, lile hekalu lao la dhahabu, ambalo mtawa kijana alilichoma moto 1950. Nilikaa mbele ya kikapu kimoja kilichosukwa kwa namna ambayo bibi yangu alikuwa anasuka, nikaondoka.

Lakini chakula. Hapa niruhusuni nikae kidogo.

Jioni Yoba inanuka moshi wa nyama. Mishikaki ya mbuzi iko kwenye moto, ndizi zinakaangwa pembeni, ndagala kavu ziko kwenye sinia, chapati zinapinduliwa, na watu wanaongea Kirundi na Kiswahili vikiwa vimechanganyika hivi hivi bila mtu kujali. Nilisimama mbele ya kibanda cha mama mmoja. Alikuwa na sufuria nne. Akafunua moja moja anionyeshe: wali, ndizi za kupika, lengalenga, maharage.

Ndugu zangu, nilishindwa kusema. Mstari ulikuwa nyuma yangu na mimi nimeganda kama mtoto. Sikuwa na njaa ya kufa. Tatizo lilikuwa kwamba alikuwa ananingoja nichague. Kule kwetu chakula hakikuulizi. Unga, maharage, mafuta, chumvi, weka alama ya kidole, mwingine. Sitaki mtu wa PAM anielewe vibaya, hicho chakula ndicho kimenikuza na nashukuru. Lakini mtu anaweza kufika miaka ishirini na nne hajawahi kuulizwa na mpishi, "Unapenda nini?"

Mnajua nilichagua nini? Maharage! Maharage na ndizi. Pesa ilichangia, sikatai, mshikaki mmoja ulikuwa na bei ya kufikiria mara mbili. Lakini yale maharage yalikuwa na mawese, vitunguu na seleri, yamepikwa taratibu mpaka mchuzi umekuwa mzito, na ndizi zimekunywa huo mchuzi. Nilikula polepole. Nikaongeza chai ya tangawizi na chapati moja.

Mama akanisikia Kiswahili changu. "Weye ni wa Uvira?"

"Huko huko, milimani juu. Lakini nimekulia Muyinga, kambini."

"Umekuja hospitali?"

Mnaona? Hata yeye. Nikamwambia hapana mama, natembea tu, kesho naenda Gishora kuona ngoma. Akaacha kupindua chapati. "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa Gitega, sijawahi kufika huko. Ngoma nazisikia redioni." Akafikiri kidogo, akasema, "Ukirudi unieleze."

Jumamosi asubuhi mji ulikuwa kwenye kazi za maendeleo, magari yamesimama, maduka yamefungwa. Nilipoona watu wanarudi na majembe nikaanza kutembea kwa miguu. Gishora iko kilimani, kama kilomita saba kutoka mjini. Ukifika unaona ua na nyumba kubwa za nyasi, za mviringo, zimejengwa kama za mfalme. Inasimuliwa kwamba mfalme Mwezi Gisabo, yule aliyefariki 1908, ndiye aliyeanzisha mahali hapa baada ya kumshinda muasi. Ngoma mbili zina majina. Moja ni Ruciteme, yaani ile ambayo misitu inakatwa kwa ajili yake. Nyingine ni Murimirwa, yaani ile ambayo watu wanalima kwa ajili yake. Hizo hazipigwi kama nyingine, zinatunzwa ndani ya nyumba yao.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ile ni sehemu ya burudani au ni hekalu, mimi nasema ni hekalu. Ngoma zile zilikuwa zinaenda na umuganuro, sikukuu ya Desemba ambapo mfalme alifungua msimu wa kupanda mtama. Inari wa Japani ana mpunga, Gishora ina mtama. Ngoma ya kifalme, Karyenda, ilikuwa hata kwenye bendera ya ufalme pamoja na mmea wa mtama, mpaka ufalme ulipoondolewa 1966.

Kupigiwa ngoma peke yako kunahitaji pesa ambayo sikuwa nayo. Nilikaa chini ya mti nikangoja, na bahati yangu likaja kundi la wageni waliokuwa wamelipia. Wapigaji waliingia na ngoma zao vichwani huku wanapiga. Ngoma nzito, zimechongwa kwenye gogo zima la mti unaoitwa umuvugangoma, na mtu anatembea nayo kichwani shingo imenyooka, mikono inapiga. Wakazipanga nusu duara, katikati ile wanayoiita inkiranya, ndiyo inayoongoza. Mmoja mmoja anatoka, anaruka, anacheza, anarudi. UNESCO waliiandika hii kwenye orodha yao 2014, na mimi nilikuwa nimesoma hilo kwenye simu. Lakini simu haikuwa imeniambia kwamba utaisikia tumboni kabla ya masikioni. Sikupiga picha hata moja. Betri ilikuwa imeisha, lakini acha niseme ni kwa heshima.

Kuna jambo la mlangoni nataka kulitaja. Sehemu moja niliyoingia katika zile siku tatu, sitasema ipi, aliyekuwa anakata tiketi aliniuliza: "Uri Umurundi canke uri umunyamahanga?" Mwenyeji au mgeni, kwa sababu bei si moja. Swali la haki kabisa. Mimi nikabaki nimesimama na noti mkononi. Mrundi si mimi, karatasi zote zinasema hivyo. Mgeni? Miaka ishirini na zaidi, na Kirundi nakiota ndotoni. Yeye akachoka kungoja, akaniangalia viatu, akanikatia ya mwenyeji. Sijui hadi leo kama nilimdanganya.

Jumapili niliingia kanisa kuu la Kristo Mfalme, kule Mushasha. Mimi si Mkatoliki, nilikaa nyuma. Sisi tunasali chini ya mabati na shitingi, mvua ikinyesha mchungaji ananyamaza. Pale sauti inapanda juu na inarudi taratibu. Kwaya ikaimba, kuna ngoma pia, na bibi mmoja kando yangu akanisogezea kitabu cha nyimbo bila kuuliza mimi ni nani. Nikaimba na makosa yangu. Kabla ya saa sita nilipitia Yoba kumweleza yule mama habari za Gishora kama nilivyoahidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitoza chapati bei ile ile ya kawaida, na nikapanda gari.

Hiyo ndiyo safari yote. Niliporudi nyumbani walisikia nimetoka kwa daktari wa meno.

Sasa hoja yangu. Najua wengi hamtaipenda, na wa kwanza ni mama yangu. Nilipomwambia ukweli baada ya miezi mingi, alisema, "Pesa ya unga umeenda kuitembeza?" Sina jibu zuri la kumpa. Ile motisha ilikuwa yangu, sikuchukua cha nyumbani, lakini mwezi ule mdogo wangu alikuwa anaenda shule na viatu vilivyopasuka, na mimi nilikuwa Gitega nakula ndizi. Hilo liko pale pale, siwezi kulifuta kwa maneno mazuri. Na tangu posho ipunguzwe hali imekuwa ngumu zaidi kuliko wakati ule.

Mwingine ni rafiki yangu aliyevuka Rusizi Februari 2025, akalala uwanja wa mpira wa Rugombo na maelfu ya watu, halafu wakapelekwa Musenyi. Nilimpigia simu kumsomea wazo hili. Akasema, "Weye uko unaongea utalii, miye niko natafuta maji." Nikanyamaza. Ana haki. Mtu wa mwezi wa kwanza anahitaji maji, shitingi, dawa, na mtu akimletea habari za hekalu amfukuze.

Ila nami nilimwambia jambo moja. Sisi wa Gasorwe pia tuliambiwa ni ya muda. Kila mwaka ulikuwa wa muda. Musasa ilifunguliwa 2007, Bwagiriza 2009, Kavumu 2013, zote za muda, na ndani yake kuna watoto waliozaliwa na sasa wana watoto. Kama tunangoja shida iishe ndipo tuanze kuiona nchi tunayoishi, wengine tutapelekwa Marekani au Kanada, au tutarudi Kongo, na tukiulizwa Burundi ikoje tutaeleza foleni. Mimi nimeona wenzetu walioondoka. Mmoja alinitumia ujumbe kutoka ng'ambo akiniuliza kama kweli Gitega ina mji, kwa sababu huko watu wanamuuliza habari za ngoma za Burundi na yeye hajawahi kuziona. Alikaa hapa miaka kumi na tatu.

Na ninyi wa mashirika, samahani, hapa nawageukia. Najua mnafanya ziara za vijana, mara nyingi karibu na tarehe 20 Juni. Niliwahi kwenda moja. Basi lilikuwa zuri. Tulivaa fulana za rangi moja, tukashika bango, tukaitwa majina tukipanda na tukishuka, tukala mkate ndani ya basi, tukapigwa picha mbele ya kila kitu. Nilifika mahali pazuri sana na sikuona kitu, kwa sababu muda wote sisi ndio tuliokuwa tunaangaliwa. Sisemi muache hizo ziara, wadogo wanazifurahia. Nasema mwaka mmoja jaribuni kuchukua pesa ya basi, fulana na bango, mkawape wanafunzi wachache nauli na hela ya chakula, kila mmoja aende peke yake au wawili wawili, arudi atueleze hapa alichokula. Ripoti yenu itakosa picha ya pamoja. Najua hiyo ni shida kwenu, sikejeli.

Tena kuna hili la sheria, nililijua kwenye mafunzo ya ulinzi. Burundi iliingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1963, na kwenye kifungu cha 26, kile cha uhuru wa kutembea, iliweka masharti mawili: mkimbizi asichague kukaa katika eneo linalopakana na nchi aliyotoka, na katika kutembea kwake asifanye uchochezi dhidi ya nchi yake. Mimi si mwanasheria, nina sekondari tu. Lakini nikisoma hayo masharti, sioni mahali ambapo sahani ya maharage Yoba inaingia. Gitega haipakani na Kongo. Ngoma za Gishora hazimchochei mtu dhidi ya Kinshasa. Karatasi ya kutoka ipo na inatolewa, na hata mimi nilipewa. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika sababu ya kweli kwenye ule mstari, na ofisi kuizoea kuiona.

Maana uongo wetu una gharama, na hili sikulifikiria kabla ya Jumatatu. Kila tukiandika "matibabu" kwa mtu mzima wa afya, tunamfanya yule mgonjwa wa kweli atiliwe shaka. Yule askari aliyechungulia jino langu, siku nyingine akichungulia mtu mwenye jipu kweli, atafikiri nini? Mimi ndiye niliyemfundisha.

Kuhusu huyu binti kuna wasiwasi wangu mmoja sitauficha. Mimi ni mvulana, kulala Yoba kwenye chumba cha msumari ni hadithi ya kuchekesha. Kwa binti si hivyo. Nimeongea naye, nimeongea na mama yake, ambaye alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alisema yeye katika umri huo alikuwa anakimbia, basi mtoto atembee. Tumekubaliana atalala kwenye nyumba ya wageni ya parokia, atasafiri mchana, na atanipigia kila jioni. Ngoma anajua hatazipiga, kuna amri ya rais ya 2017 kwamba wanawake hawapigi ngoma hizi. Akasema yeye hataki kupiga, anataka kusikia. Nikamuonya kwamba atasikia tumboni. Ameandika orodha ya vyakula kwenye daftari la kemia, ndagala ziko namba moja.

Kwa hiyo ile karatasi ya kwanza niliichana. Nikachukua nyingine, nikajaza upya jina, namba ya familia, Gitega, siku tatu, na kwenye sababu akaniambia nimpe biki aandike mwenyewe. Ameandika "kutembea" kwa herufi kubwa, na chini yake kwa Kifaransa, ili isilete mchanganyiko.

Nilimsindikiza kuipeleka. Mpokeaji aliisoma, akacheka, akamwita mwenzake naye akaisoma. Hawakuikataa. Wakaiweka juu ya zile nyingine wakasema tungoje. Leo ni Alhamisi. Jibu likitoka, liwe lolote, nitawaandikia hapa hapa.